Mti wa Mtaani Unapougua: Dalili, Visababishi na Hatua za Kuchukua Jijini Dar es Salaam

Malalamiko kuhusu miti ya hadhara yanayofikishwa katika ofisi za serikali za mitaa hapa Dar es Salaam hayatofautiani sana. Gari lililoegeshwa chini ya mkungu limejaa matone yanayonata. Mwarobaini wa kando ya barabara unakauka kuanzia kileleni. Mwembe wa shule umefunikwa na kitu kama pamba. Mnazi wa karibu na ufukwe umeinamisha makuti. Majibu yanayotolewa nayo hayatofautiani: ama mti ukatwe, ama upigwe dawa. Mara nyingi uamuzi huo hufikiwa kabla mtu yeyote hajageuza jani moja na kutazama upande wake wa chini. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili visababishi vimetajwa kuanzia kile kinachotokea mara nyingi hadi kile cha nadra, pamoja na mahali ambapo mwananchi anapaswa kuishia na kumwachia kazi mtaalamu.

Jambo moja ni la msingi katika yote yatakayofuata. Mdudu anayeonekana juu ya mti si lazima awe ndiye aliyeanzisha maradhi. Wadudu wengi wa kienyeji huufuata mti uliokwisha kudhoofika kwa sababu mizizi imekatwa na mtaro au shina limezungushiwa zege. Wadudu wageni hawafuati kanuni hiyo. Wao huweza kuushambulia mti wenye afya kamili na kuongezeka kwa kasi, kwa kuwa maadui wao wa asili wamebaki kule walikotoka. Kwa hiyo swali la kwanza si dawa gani itumike, bali ni kipi kati ya hivyo viwili kinachotokea mbele ya macho yetu.

Kabla ya kuanza: mti huo uko chini ya nani?

Mti uliomo katika hifadhi ya barabara kuu au ya mkoa uko katika eneo la TANROADS, na ule wa barabara za mitaa uko katika eneo la TARURA. Miti ya viwanja vya wazi, shule za serikali, zahanati, masoko na makaburi ya umma husimamiwa na halmashauri husika, yaani Jiji la Dar es Salaam au manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Matawi yaliyofikia nyaya za umeme ni kazi ya TANESCO. Mikoko ni msitu wa hifadhi, nayo iko mikononi mwa Wakala wa Huduma za Misitu. Hakuna hata mmoja kati ya miti hiyo ambao mkazi anaruhusiwa kuukata au kuupiga dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, hata kama kivuli chake kinaangukia dirishani kwake. Anachoruhusiwa kukifanya, na ambacho kina thamani kubwa, ni kuuchunguza na kutoa taarifa iliyo sahihi.

Kwa uchunguzi huo huhitaji vifaa vya maabara. Simu yenye kamera, sarafu ya shilingi 100 ya kuonyesha ukubwa katika picha, kisu kidogo na bahasha chache za karatasi vinatosha.

Dalili: matone yanayonata, masizi meusi, na pamba nyeupe chini ya majani

Hili ndilo tatizo linaloripotiwa zaidi, na ndilo linalofahamika vibaya zaidi. Watu husema mti unatoa utomvu. Kwa kweli kinachodondoka ni umajimaji mtamu unaotolewa na wadudu wadogo wanaofyonza maji ya majani. Juu ya utamu huo huota ukungu mweusi unaofanana na masizi ya sufuria, na ukungu huo huzuia mwanga kulifikia jani.

Chukua mfano wa mkungu wenye benchi la kituo cha bodaboda chini yake. Kiti cha benchi kinanata na kimepigwa vumbi lililoganda. Jani bichi la tawi la chini, likitazamwa kwa juu, lina utando mweusi unaobanduka kama ngozi nyembamba ukisuguliwa kwa kidole. Ukiligeuza unaona mistari ya nta nyeupe iliyojipinda mviringo mithili ya alama ya kidole gumba, na ndani ya mistari hiyo vidudu vyeupe vinavyoruka jani likitikiswa. Huyo ni inzi mweupe wa aina ijulikanayo kitaalamu kama Aleurodicus dispersus, ambaye asili yake ni visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati. Hupenda mikungu, mipera, migomba na mihogo, na miti mingine mingi sana.

Wa pili kwa kuonekana ni vidung'ata. Hao hawaruki. Wamejikusanya katika makundi yenye unga mweupe kwenye vikonyo, ncha za matawi na matunda, na ukimbonyeza mmoja anatoa maji. Katika mwembe, pamba iliyojaa kwenye mishipa ya majani na mashada ya maua yaweza kuwa ya kidung'ata wa mwembe, Rastrococcus iceryoides, aliyetoka kusini mwa Asia. Katika mpapai na haibiskasi mshukiwa mkuu ni kidung'ata wa mpapai, Paracoccus marginatus, mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati; huyu akibonyezwa hutoa umajimaji wa njano. Wa tatu ni vidugamba, ambao huonekana kama magamba madogo yaliyogandamana na gome au jani na ambayo hayasogei hata yakiguswa. Ukucha ukipitishwa chini ya gamba, mdudu huinuka mzima.

Hatua ya kwanza ni kutazama sisimizi. Ikiwa wanapanda na kushuka shinani kwa mstari usiokatika, basi wanafuata utamu huo, nao huwalinda wafyonzaji dhidi ya maadui zao. Kuondoa matawi yanayogusa ukuta na nyaya za simu, kisha kuufunga shina kwa utepe wa kitambaa uliopakwa grisi juu ya karatasi (grisi isigusane na gome), hupunguza msafara huo. Tahadhari moja inahitajika hapa: majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wasichanganywe na sisimizi wengine. Ni kweli kwamba nao hufuga baadhi ya wafyonzaji, lakini katika minazi na mikorosho wao ndio walinzi dhidi ya kunguni wa nazi na mbu wa mikorosho, na mahali wanapoondolewa hasara huwa kubwa zaidi.

Hatua ya pili ni maji. Mti mdogo uliopandwa na mtaa unaweza kuoshwa upande wa chini wa majani kwa mpira wenye msukumo wa kutosha, asubuhi, mara kadhaa kwa kupisha siku chache. Maji ya sabuni ya maji isiyo na blichi, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, huyeyusha nta ya vidung'ata, ila yajaribiwe kwanza kwenye majani machache na kuachwa hadi kesho yake ili kuona kama yanaunguza. Isifanyike juani.

Usipige dawa kali ya wadudu kwenye mti mkubwa wa hadhara. Sababu ya kwanza ni watu walio chini yake: mama lishe mwenye sufuria wazi, watoto wanaookota kungu, machinga anayeshinda hapo kutwa. Sababu ya pili ni kwamba dawa hiyo huwaua nyigu wadogo na wadudu kobe ambao ndio wanaowala wafyonzaji. Nta huwakinga wafyonzaji wenyewe, na baada ya wiki chache wanarudi wakiwa wengi kuliko mwanzo. Historia ya Afrika inalithibitisha hilo. Kidung'ata wa muhogo, aliyelitikisa bara zima kuanzia miaka ya 1970, hakushindwa kwa dawa bali kwa nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Amerika ya Kusini, kazi iliyompatia mtaalamu wa wadudu Hans Herren Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Dhidi ya kidung'ata wa mpapai pia yupo nyigu wake, Acerophagus papayae. Kuwaleta na kuwaachia wadudu wa namna hiyo si kazi ya mtaa wala ya kata, bali ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, pamoja na vituo vya utafiti. Ila mamlaka haiwezi kuanza pasipo taarifa kwamba mdudu yupo.

Dalili: majani yanageuka rangi na kupukutika

Kisababishi cha kwanza si ugonjwa hata kidogo. Mkungu hugeuza majani kuwa mekundu na kuyaangusha, kisha huchipua upya, na kwa kawaida hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Mkrismasi hubaki na matawi matupu wakati wa ukavu kabla ya kuvaa maua mekundu kuelekea Desemba. Kwangua gome la kitawi kwa ukucha: chini yake kukiwa na kijani chenye unyevu, mti uko hai na unafanya kazi yake.

Cha pili ni kiu. Kati ya Januari na Machi, kaskazi inapovuma na masika hayajaanza, miti iliyopandwa katika miaka miwili au mitatu iliyopita huungua pembeni mwa majani. Ndoo mbili za maji ya polepole mara mbili kwa wiki zina faida kuliko kunyunyiza kidogo kila siku, kwa sababu maji yanayoishia juu huita mizizi ibaki juu.

Cha tatu, ambacho kwa maoni yangu ndicho muuaji mkubwa wa miti ya jiji hili, ni yale tunayoyafanya shinani. Tazama chini: vitofali vya kando ya barabara vimefika hadi kwenye gome, majivu ya takataka zilizochomwa yamelundikana upande mmoja, maji ya kufulia yenye sabuni yanamwagwa hapo kila asubuhi, fundi wa pikipiki anamwaga oili chafu palepale. Mizizi inayofyonza maji haihitaji maji pekee, inahitaji hewa pia. Udongo ulio wazi wa angalau mita moja kila upande wa shina ni haki ya chini kabisa ya mti wa barabarani, na mkandarasi anayejenga njia ya waenda kwa miguu anapaswa kuambiwa hivyo kabla ya kumwaga zege. Wapo wanaomwaga oili chafu kwa makusudi ili kufukuza mchwa. Oili hiyo huuharibu udongo kwa muda mrefu, na mti hufa polepole kiasi kwamba hakuna anayekumbuka chanzo.

Ikiwa hayo yote hayapo, ndipo wadudu na magonjwa ya mizizi yafikiriwe, na hapo mtaalamu anahitajika kwa kuwa dalili za juu ya ardhi hufanana.

Dalili: matawi yanakauka kuanzia kileleni

Mti unaokauka kuanzia juu unaeleza habari za chini. Uliza kwanza kama katika miaka miwili iliyopita kulichimbwa mtaro wa maji, bomba au kebo ya mawasiliano karibu na shina, kwa sababu mzizi mkubwa uliokatwa leo huweza kudhihirika kileleni baada ya misimu kadhaa ya mvua. Kisha zunguka shina. Waya wa kufungia bango, uliosahauliwa na kumezwa na gome, hukaba njia ya chakula. Misumari ya matangazo ya waganga na vyumba vya kupanga huacha vidonda vinavyoingiza maji na ukungu.

Kwa mwarobaini kuna imani inayopaswa kusahihishwa, kwamba mti ambao majani yake ni dawa ya wadudu hauwezi kuliwa na wadudu. Katika nchi zinazozunguka Ziwa Chad, kuanzia miaka ya 1980, miarobaini mingi ilishambuliwa vikali na kidugamba mgeni kutoka Asia, Aonidiella orientalis, na majani yakakauka hudhurungi kana kwamba yamepitiwa na moto. Kwa hiyo mwarobaini unaokauka hapa Dar es Salaam, ukiwa na magamba madogo ya mviringo, ya rangi ya manjano iliyofifia, juu ya majani na vitawi, unastahili sampuli kupelekwa kwa mtaalamu wa misitu. Usikatwe kabla ya hapo.

Dalili: matundu kwenye shina na unga wa mbao

Hapa ukubwa wa tundu ndio unaosema zaidi, kwa hiyo kila picha ipigwe sarafu ikiwa pembeni.

Mara nyingi kinachoonekana si tundu bali ni njia za udongo mkavu zilizopanda juu ya gome. Huo ni mchwa. Bandua kipande cha udongo huo: kama gome chini yake ni zima, mchwa wanakula sehemu ya nje iliyokufa na mti hauna haja ya dawa. Kama kisu kinazama ndani kwa urahisi, basi moyo wa mti umeoza na swali linakuwa la usalama, ambalo linaelezwa mwishoni.

Matundu makubwa yenye upana wa penseli au zaidi, yakiwa na nyuzi za mbao zilizosukumwa nje, kwa kawaida ni ya mabuu ya mende wenye vipapasio virefu au viwavi wa nondo wanaobungua mbao. Wengi wao hufuata tawi lililokufa au mti uliojeruhiwa. Tawi hilo likikatwa na mtu mwenye kibali, karibu na shina pasipo kuacha kisiki kirefu, tatizo hupungua.

Aina ya tatu ndiyo inayonifanya niandike sehemu hii kwa urefu. Ni matundu madogo sana, yenye upana usiozidi milimita 2, yaliyotawanyika shinani kama yaliyopigwa kwa ncha ya kalamu. Kuzunguka tundu kuna doa jeusi lenye unyevu, au unga mweupe kama sukari, au vijiti vyembamba vya unga wa mbao. Wako mende kadhaa wanaotoboa namna hiyo, na baadhi ni wa kienyeji wanaoingia kwenye mbao zinazokufa. Anayeogopwa ni Euwallacea fornicatus, mende mweusi mwenye urefu wa takriban milimita 2, mzaliwa wa Asia. Yeye hali mbao. Hubeba ukungu wake, Fusarium euwallaceae, akaupanda ndani ya handaki na kuwalisha watoto wake. Ukungu huo ndio unaoziba mishipa ya maji ya mti. Mwaka 2017 alitambuliwa katika bustani ya mimea ya Pietermaritzburg nchini Afrika Kusini, na baadaye akaonekana kuishambulia miti ya mitaani katika miji mingi ya nchi hiyo, ikiwemo Johannesburg.

Jiji lenye bandari kama hili halina budi kuijua dalili hiyo mapema. Mende wa namna hii husafiri ndani ya mbao mbichi na kuni. Paleti za mizigo zinazotoka nje zinatakiwa ziwe zimepashwa moto hadi nyuzi 56 za selsiasi katikati ya mbao kwa dakika 30, au zimetibiwa kwa njia nyingine inayokubalika, na kugongwa mhuri wenye picha ya shuke la ngano; mhuri wa kupashwa moto una herufi HT. Paleti zinapotoka bandarini huuzwa kwa mafundi wa samani na kwa wauza kuni. Fundi anayenunua paleti isiyo na mhuri huo, yenye matundu na unga, anapaswa kutoa taarifa badala ya kuirundika uani chini ya mwembe. Mimea miwili ya kuangaliwa zaidi ni mparachichi na mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, kwa sababu mende huyu huipenda na kuzaliana ndani yake. Na mbarika umejiotea wenyewe katika mabonde na viwanja vingi vya jiji.

Ukishuku mende huyu, kuna mambo mengi ya kuepuka kuliko ya kufanya. Usikate mti wala tawi. Usizibe matundu kwa saruji, na usipake chokaa: chokaa inayopakwa mashinani kwa ajili ya pambo haimzuii mende, ila huficha matundu yake. Usichukue kipande cha mbao kukipeleka upande mwingine wa jiji. Piga picha, andika mahali, na mwite mtaalamu. Hakuna dawa ya kupuliza inayouponya mti ulioshambuliwa sana, na kinachookoa miti mingine ni kuiondoa mbao yenye mende kwa utaratibu, kuisaga vipande vidogo au kuiteketeza palepale.

Dalili: makuti ya mnazi yamekatika au yameinama

Makuti yaliyochanika kwa umbo la pembe tatu, kama yaliyokatwa kwa mkasi yakiwa bado yamekunjwa, ni kazi ya chonga, mende mwenye pembe anayetoboa kilele. Chonga wa pwani yetu ni wa kienyeji, naye huzaliana katika magogo ya minazi yanayooza, samadi na marundo ya takataka. Kuondoa magogo hayo ndani ya mtaa kunafaa kuliko dawa yoyote, na mkwezi mzoefu anaweza kumtoa chonga kileleni kwa waya wenye ndoano.

Hali ni tofauti ikiwa nazi changa zinaanguka kabla ya wakati, makole mapya yanatoka yakiwa meusi, makuti yanageuka manjano na hatimaye kilele kinadondoka na kuacha nguzo tupu. Huo ni ugonjwa wa kunyong'onyea, unaosababishwa na vimelea wadogo wanaoishi ndani ya mishipa ya mti, na hauna tiba. Mnazi wa namna hiyo uripotiwe kwa afisa kilimo wa kata, na ushauri wa mbegu ya kupanda mahali pake utafutwe TARI Mikocheni, kituo ambacho kimeshughulikia minazi kwa miaka mingi.

Kwa minazi na mitende ya mapambo inayonunuliwa nje ya nchi kuna tishio jingine: fukusi mwekundu wa mitende, Rhynchophorus ferrugineus, aliyetoka Asia na kuenea Mashariki ya Kati katika miaka ya 1980, kisha Misri mwaka 1992, kwa kusafirishwa ndani ya miche mikubwa. Halmashauri inayopamba bustani au mzunguko wa barabara ingefanya vema kutumia mitende iliyooteshwa nchini.

Dalili: vinundu kwenye majani, au machipukizi yaliyodumaa

Katika mikaratusi, vinundu kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye kikonyo ni alama ya nyigu mdogo wa Australia, Leptocybe invasa, aliyeingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000. Miche huathirika zaidi kuliko miti mikubwa, kwa hiyo asikubali mtu kupokea miche yenye vinundu kwa ajili ya kampeni ya upandaji. Katika milusina, machipukizi yaliyojikunja yenye vidudu vya manjano ni ya mdudu aliyefika pwani ya Kenya na Tanzania mwaka 1992, Heteropsylla cubana. Milusina huchipua tena mvua zikirudi, na haihitaji kupigwa dawa.

Embe za miti ya umma zinazooza zikiwa na funza weupe ndani zina inzi wa matunda, mara nyingi yule wa Asia, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003. Ziokotwe kila siku, zifungwe katika mfuko mweusi na kuachwa juani, au zifukiwe kwa kina cha angalau nusu mita. Zikiachwa chini, funza huingia udongoni na kutoka wakiwa inzi.

Mahali pa kusimama na kumwita mtaalamu

Dalili zifuatazo si za kuchunguzwa kwa kisu wala kwa ngazi. Uyoga mgumu wenye umbo la bakuli au rafu ukiota kwenye kitako cha mti unaonyesha kwamba mizizi au moyo wa shina umeoza, hata kama majani yangali ya kijani. Ufa mpya mahali matawi mawili makubwa yanapoachana, udongo ulioinuka upande mmoja wa shina, au mti ulioanza kuinama ndani ya siku chache, ni hatari ya papo hapo, hasa wakati wa masika udongo unapolainika na upepo unapozidi. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitukumbusha kwamba pwani yetu haiko nje ya njia ya dhoruba. Ondoa watu, magari na biashara chini ya mti huo, weka kizuizi, na kama umeanguka au umembana mtu piga simu ya Zimamoto, 114.

Tawi lililogusa waya wa umeme lisiguswe na mtu yeyote, wala kwa mti mkavu, wala kwa kamba. Tawi bichi hupitisha umeme, na nyaya za msongo wa kilovolti 11 na 33 zinapita katika mitaa mingi ya makazi. TANESCO wakate umeme kwanza.

Taarifa inayofanyiwa kazi

Taarifa inayosema tu kwamba mti una wadudu haimsaidii afisa wa halmashauri. Andika aina ya mti kwa jina la kawaida, mahali ulipo kwa kutaja barabara na alama inayofahamika, tarehe dalili ilipoonekana mara ya kwanza, na idadi ya miti ya jirani yenye dalili ileile. Ambatisha picha tatu: mti mzima, tawi lenye dalili, na mdudu au tundu kwa karibu pamoja na sarafu. Majani ya sampuli yawekwe ndani ya bahasha ya karatasi, kwani mfuko wa plastiki huyaozesha. Mdudu awekwe katika chupa ndogo yenye spiriti akiwa amekufa. Mdudu hai asihamishwe.

Barua ianzie kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa, ipite ofisi ya kata kwa afisa kilimo, na nakala iende kwa afisa mazingira au afisa misitu wa halmashauri. Omba igongwe mhuri wa kupokelewa, na ubaki na nakala yako. Kwa mdudu usiyemfahamu, omba kwa maandishi kwamba sampuli ifikishwe TPHPA, ambayo kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ndiyo yenye dhamana ya visumbufu vya mimea nchini.

Linabaki suala la matawi yanayokatwa, ambalo halmashauri nyingi hulichukulia kuwa dogo. Kikosi cha wapogoaji kikimaliza kazi, matawi hubebwa na mikokoteni na maguta ndani ya saa chache, kwenda kwa wakaanga chipsi na wachoma nyama wa kata nyingine. Kwa mti usio na wadudu hilo halina ubaya, na kuni hizo zina watu wanaozihitaji. Kwa mti wenye matundu madogo yaliyoelezwa hapo juu, ni njia ya kumsambaza mende katika jiji zima kwa siku moja. Afisa anayesimamia upogoaji anapaswa kukagua gome kabla msumeno haujawashwa, na akiona matundu hayo aweke mlinzi hadi mbao zote zisagwe au ziteketezwe palepale.